Kinu cha Mama Yangu Hakiazimwi

Kwetu Ukambani kinu hakiazimwi. Anayetaka kutwanga huja kwa mwenye kinu na mahindi yake, akakaa chini, akangoja zamu. Mpaka zamu yake ifike, umeshajua mume wake alilala wapi na ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani. Mama yangu aliishi hivyo, hakuwahi kukosa mtu uani. Alipofariki, kinu kilikuja kwangu.

Mume wangu Matheka alipomleta Lorraine, mke wa pili, nyumbani kwetu mtaa wa Tena, baada ya mimi kumzalia na kumtunzia mama yake mpaka kaburini, nilitoka na nguo zangu na kinu hicho. Kila kitu kingine kilibaki. Hata watoto, ambao sasa ni watu wazima, Krismasi huenda kwa baba yao kwa sababu kuna sebule.

Nilipanga chumba mtaa wa Baba Dogo, ghorofani. Huko hakutwangwi, wa chini walidhani dari inawaangukia. Kinu kikawa cha kuwekea beseni. Nilikuwa narudi kutoka soko la Gikomba jioni, nafunga mlango, na mpaka asubuhi sijafungua mdomo ila kula.

Teresiah, ambaye tunauza mitumba meza kwa meza, ndiye aliyeniambia habari za makumbusho. Nyumba moja ya zamani mtaani ilikuwa imewekwa vitu vya wazee wa Eastlands, na nyuma yake kuna kishamba chenye ng'ombe, kuku na mistari ya mahindi. Jumamosi watu wa mtaa waliitwa waje kuwaonyesha watoto kazi za zamani. Msimamizi alikuwa Bilan, binti wa Kisomali mwenye adabu. Nilimwambia kinu sikupi wala sikuazimi. Kitakaa hapa uani, nami nitakifuata. Akakubali.

Hizo Jumamosi ndizo zilizonirudisha kwa watu. Tulitwanga mahindi ya shamba lile, tukatoa maganda, tukapepeta, tukapika muthokoi na maharagwe, watoto wakala. Kinu kilikuwa kimoja na wanawake wengi, kwa hiyo wengi tulikuwa tumekaa tu, tukichambua maharagwe na watu. Siku moja Teresiah alinitazama nikiinua mchi akasema, "Kanyiva, pole pole. Hayo ni mahindi, si Matheka."

"Angekuwa Matheka ningekuwa nimeshapepeta," nikamjibu.

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nilicheka pia. Nilikuwa nimesahau kwamba jina lile linaweza kuchekesha.

Halafu kukatangazwa kwamba wageni wakubwa watakuja kutembelea. Jumamosi iliyofuata nilifika, kinu hakikuwa uani. Nilikikuta ndani, nyuma ya kamba, kinang'aa kama jeneza. Walikuwa wamemwita fundi akakipaka vanishi nje na ndani. Harufu yake ilinipata nikiwa mlangoni.

Bilan alikuja akitabasamu. Alidhani nitafurahi. Alinisomea kikaratasi kilichobandikwa pale, kwamba hiki ni kinu cha kale cha Ukambani.

"Kale ya nani?" nikamwuliza. "Jumamosi iliyopita nilikuwa natwangia humo."

Aliomba msamaha, na naamini ulikuwa wa kweli. Alisema hakujua kwamba vanishi huingia kwenye chakula. Tena akanipeleka uani kunituliza moyo. Palikuwa na vinu vidogo vipya, kila mwanamke na chake, kwa sababu watoto walikuwa wakichoka kungoja. Changu kipya kilikuwa kimewekwa mwisho wa mstari. Kile cha mama kikae ndani, alisema, nami niendelee kuja.

Niligeukia wenzangu, kwa kuwa wao walijua. Niliwaambia wamwambie binti huyu tukitoe kile, tukikwangue, turudi kwenye kinu kimoja tulivyozoea. Walishika michi yao wakatazama chini. Ni Teresiah aliyesema, akiniita mama kwa lugha yangu.

"Usikasirike, mwaitu. Na hivi tunamaliza mapema. Mimi nimeacha nguo zimelowekwa."

Matheka alinifukuza kwa maneno mengi na sikuanguka. Haya machache yaliniketisha. Nilikaa kwenye ukuta wa zizi mpaka nikapata pumzi, kisha nikamwambia Bilan nataka kinu changu. Alijaribu kunisihi, akaona uso wangu, akafungua kamba mwenyewe.

Mwenye mkokoteni aliuliza kama ni kizito. Teresiah alikuja kunisaidia kukiinua, tukakilaza juu ya gunia. Aliniambia tutaonana Gikomba Jumatatu. Nikasema tutaonana. Alijipangusa mikono kwenye leso akarudi haraka kwenye kinu chake.

Nilitembea nyuma ya mkokoteni. Kutoka barabarani nilivisikia vile vinu vikilia vyote kwa pamoja, haraka haraka, na sauti ya mtu sikuisikia.