Mkwe Aliyezungumza na Kuku

Ahsante, Mungu Baba, kwa pumzi ya kusimulia na kwa watu ulionipa wa kunisahihisha.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda basi kutoka Iringa hadi Mbeya nikiwa na tamthilia yangu ya kwanza kwenye bahasha. Wanakwaya wa usharika mmoja wangeicheza Jumapili ya mavuno, na zilibaki wiki tatu. Mchungaji alinituma kwanza kwa Mama Tulinagwe, Mnyakyusa, mwalimu mstaafu. Yeye ndiye aliyekuwa mshauri wa tamthilia pale: alisoma kila mchezo mpya kabla haujafika jukwaani, kisha akakaa na mwandishi kumwuliza maswali. Mimi nilidhani naenda kusifiwa.

Alisoma huku akichambua maharage. Mchezo ulihusu familia ya Kinyakyusa: mzee anataka kuuza shamba la mwanawe aliyefariki, na mjane anamkabili. Alipofika hapo, mikono yake ikatulia.

"Huyu binti anamtazama baba mkwe wake machoni?"

"Ndiyo, mama. Hapo ndipo penye moto."

"We Mhehe!" Akacheka hadi kanga ikamdondoka. "Umewahi kumwona mkwe wa kwetu akipishana na baba mkwe njiani?"

Sikuwahi. Kumbe kwa desturi ya zamani mkwe aliiacha njia akajificha vichakani, mzee apite. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Basi andika wewe, mama!"

"Siandiki hata neno. Mchezo ni wako. Mimi nauliza tu: hawezi kumtazama wala kumsemesha, na shamba linauzwa kesho. Atafanyaje?"

Nilichukua bahasha yangu nikatoka. Nilipofika kwenye ua nikasimama. Nilijua nikiondoka hivyo, watu watacheka pale nilipotaka walie. Nikarudi. Alinisogezea kigoda na nusu ya maharage. Tulichambua muda mrefu. Kuku wakaja kudonoa tulichotupa.

"Anaweza kusema na kuku," nikasema.

"Enhe. Anawaambia nini?"

Jumapili ya mavuno, jukwaani, mjane alikaa nyuma ya ukuta wa matete, amempa mzee mgongo, akimwaga mahindi. "Kuleni, kuku wangu. Kesho hatuna kwetu. Mwenye nyumba amesahau nani alimuuguza mwanawe." Mzee mmoja wa mbele alivua kofia, akauficha uso wake.

Niliomba jina la Mama Tulinagwe liandikwe kando ya langu. Akakataa. "Langu litaje kwenye sala zako." Nalitaja hadi leo.

Mwanangu unayeandika, tafuta mtu wa kukuuliza, si wa kukuandikia. Swali lake likikuuma, usiondoke na bahasha yako. Kaa, pengine ndipo mchezo wako unapoanzia. Nawe unayesoma kazi ya mwenzako, hata kama jibu unalo, mwache alifikie mwenyewe. Hilo nalo ni upendo, na unataka uvumilivu.

Bwana akujalie neno lililo lako kweli, wewe unayesoma haya, na mtu mwema wa kulisikia kwanza. Amina.