Kifaru cha Kijani

Faudhia alikuwa amekwenda Nachingwea kumpelekea shangazi yake unga wa muhogo. Wakati wa kurudi Ruangwa, basi lilikuwa bado, akawa anazungukazunguka tu. Ndipo akaona kibao mlangoni pa nyumba moja kimeandikwa kwa rangi ya mafuta: KOMPYUTA NA GEMU ZA ZAMANI. RUKSA KUGUSA.

Mwenye nyumba, Mzee Dominiko, alikuwa fundi wa redio na televisheni. Sebule yake aliijaza vitu ambavyo wenzake walivitupa: kompyuta zenye vichogo, kibodi zilizogeuka njano, mashine za gemu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, shika chochote. Kikiharibika nitatengeneza."

Faudhia aliandika jina lake kwenye kompyuta moja, akacheka kuona herufi zinavyotokea moja moja kama zinavutwa kisimani. Alipogeuka, aliacha kucheka. Juu ya stuli palikuwa na mashine nyeupe yenye pedi mbili za kuchezea, na kwenye televisheni vifaru viwili vidogo vya vita vilikuwa vimesimama, kimoja cha njano, kingine cha kijani.

Gemu kama ile baba yake aliwaletea yeye na mdogo wake kijijini Nambilanje, walipokuwa wadogo, msimu ambao korosho zilikubali. Umeme haukuwepo, waliiwasha kwa betri ya gari. Faudhia alichukua cha njano, mdogo wake Raudha cha kijani. Kazi ni kumlinda ndege aliyejengewa ukuta wa matofali, adui wasimfikie. Raudha hakupenda kwenda mbali. "Nenda mbele, dada," alikuwa akisema, "nyumbani nipo mimi."

Maneno hayohayo aliyasema masika iliyopita, uchungu wa kujifungua ulipomshika na mto umejaa. Alikuwa amelala kwenye mkeka, na upande wao wa mto hakuna gari. "Nenda mbele, dada, katafute usafiri. Mama yupo." Faudhia akavuka kwa kushikilia kamba, maji kifuani. Aliporudi, gari la kuazima likiwasubiri ng'ambo, mama yao alikuwa amekwisha kumfunika Raudha kwa kanga. Mtoto naye hakulia hata mara moja.

"Hiyo huchezwa na watu wawili," alisema Mzee Dominiko, akivuta kiti. "Ngoja nikusaidie."

"Hapana, mzee. Niache."

Alikaa, akabonyeza. Adui wakaanza kushuka. Cha njano alijua kukiendesha. Vidole havikuwa vimesahau. Cha kijani kilibaki palepale karibu na ndege, hakina wa kukisogeza. Faudhia hakwenda mbele. Alirudi nyuma, akakiweka chake mbele ya kile cha kijani, akawa anapiga huku na kule, akikikinga kila upande risasi inapotokea. Lakini pande ni nyingi na yeye ni mmoja. Risasi ikapita pembeni. Cha kijani kikalipuka.

Kikatokea kingine mahali pale pale, kama ilivyo kawaida ya mchezo ule. Faudhia alikitazama, kisha akaiweka pedi chini.

"Kuna kingine hicho, mwanangu," alisema Mzee Dominiko. "Endelea."

"Ahsante, mzee. Mimi basi."

Alifika stendi. Akachutama nyuma ya kibanda cha kuuzia vitumbua, akajifunika mtandio usoni, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuweza kulifanya matangani, kwa kuwa mama yao ndiye aliyehitaji kushikwa.

Muuza vitumbua alimsogelea. "Pole, dada. Umepata msiba?"

"Mdogo wangu."

"Mnazika lini?"

"Tumeshazika."

Yule mama akasogeza beseni lake la unga, akampisha nafasi kwenye benchi. Basi la Ruangwa likaja, likapiga honi, likaondoka. Faudhia alikuwa bado amekaa.