Roma ya Mama Riyaz

Rehmat alikuwa na magoti mawili yasiyoelewana na mtoto mmoja mbishi. Magoti aliyaweza. Mtoto ndiye aliyekuwa kazi.

Riyaz alikuwa na nyumba kubwa Brampton, nje ya jiji, akiishi humo peke yake tangu aachane na mkewe, na alitaka mama yake ahame ghorofa yake ya jijini, Flemingdon Park, aende kwake. "Unakaa peke yako, Mum. Ukianguka, nani atajua?" Kila Jumapili wimbo ulikuwa huohuo. Rehmat alipochoka kuusikia alimwambia, "Jumamosi njoo twende Roma kwa miguu. Nikishindwa kufika, nafunga mizigo. Nikifika, habari ya Brampton usinitajie tena."

Roma ni jina alilolitunga mwenyewe. Wenzake huiita bustani ya Guild, kule Scarborough juu ya ziwa. Mji ulipokuwa ukibomoa majengo yake ya zamani, watu wenye huruma waliokoa nguzo za marumaru wakazisimamisha majanini, na anayeziona mara ya kwanza huapa kwamba Kaisari alipita hapo. Njia ya Rehmat huanzia mbali, kwenye uwanda mpana wa nyasi chini ya nyaya za umeme, ambako upepo hauna wa kuuzuia.

Waliacha gari wakaingia nyasini. Riyaz alibeba kikapu, akaguna. "Umetia mawe?"

"Kachori. Na chevda, na kababu kidogo."

Kidogo cha Rehmat hulisha harusi.

Hawajaenda mbali, Rehmat akakaa kwenye benchi. Riyaz akamtazama kwa jicho la daktari, na kichwani akaanza kutafuta lori la kuhamishia makabati. Msimcheke. Alimpenda mama yake, ila alipenda na kushinda.

Mara mzee mmoja wa Kigiriki akatokea na mbwa wake wawili, akipunga mkono. "Mamariyaz!" Alilitamka kama jina moja la ubatizo. Akapokea kachori zake, akauliza hali ya goti. Kwenye benchi lililofuata palikuwa na bibi wa Kitamil na kigari cha mjukuu: "Mamariyaz!" Akapata kababu. Ikawa hivyo njia nzima, kila benchi na mtu wake, na kikapu kikazidi kuwa chepesi.

"Mum, mbona wanataja jina langu?"

"Waliniuliza naitwa nani. Tangu nikuzae Tabora, mtaa mzima uliniita hivyo. Rehmat ni wa pasipoti."

Walipofika kwenye nguzo, bibi harusi alikuwa akipigwa picha. Mpiga picha, Pascal, Mkongo wa Lubumbashi, aliiacha kamera ikining'inia shingoni akaja mbio.

"Mama Riyaz! Samedi yenye ilipita hatukukuona! Tulihangaika. Muzee wa imbwa alitaka kuita polisi."

"Jumamosi ile ni mafua tu, baba. Msalimie mwanangu, Riyaz."

Pascal akamkodolea macho. "Kumbe Riyaz iko mutu? Sisi tulizani ni jina tu!"

Akacheka, akarudi kwa maharusi. Riyaz hakucheka. Alikaa kwenye kitako cha nguzo, akaangalia majani. Rehmat alikuwa na hotuba ya ushindi, ameitayarisha wiki nzima, na methali ya jirani wa karibu kumshinda ndugu wa mbali ilikuwa tayari imefika ncha ya ulimi. Alipouona uso wa mwanawe akaimeza.

"Kule kwangu," Riyaz alisema, "jirani wa mlango wa pili hajui naitwa nani. Nikisema ukianguka nani atajua... Mum, mimi ndiye ninayeogopa."

Moyo ulimuuma Rehmat, ukamuuma hasa. Alimpa kachori ya mwisho, aliyokuwa amejiwekea mwenyewe.

"Tumefika Roma, hatujafika?"

"Tumefika."

"Basi Brampton siendi. Ila wewe kila Jumamosi uwe hapa, na viatu vya maana. Kikapu ni chako."

Walirudi kwa njia ileile, kikapu kitupu kikibembea mkononi mwa Riyaz. Katikati ya uwanda wakamwona tena mzee wa Kigiriki, mbali, akivutwa na mbwa wake. Pascal alikuwa amekwishampigia simu kumwambia Riyaz ni nani. Mzee akainua mkono, na safari hii hakumtazama Rehmat.

"Riyaz!" aliita.

Na Riyaz, mtu mzima mwenye mvi, akaitika kwa sauti iliyowashtua mbwa.