Viatu vya Mzimu

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana hapa Bunia. Jumapili alasiri, ukumbi wa parokia ulipoonyesha filamu, mimi ndiye niliyesimama kando ya kitambaa cheupe nikiwatafsiria watu Kifaransa. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa. Niliamini kabisa kwamba watu walikuja kunisikiliza mimi.

Jumapili moja, mama wa msichana niliyetaka kumwoa aliketi benchi la pili. Aliuza samaki wakavu wa Tchomia, na hakununua hata mmoja kabla ya kumvunja na kutazama ndani. Juma lile ukoo wake ungeamua kama nipewe binti au nirudi mikono mitupu, nami niliogopa vibaya. Kwa heshima ya ukwe hatukuruhusiwa kusemezana, hivyo maneno yake yote yalipitia kwa mdogo wake aliyeketi naye.

Filamu ilikuwa ya mzimu. Ulipopenya ukuta, yule mama mdogo akainuka kumsemea dada yake mkubwa, ambaye alimwita yaya.

"Mwalimu, yaya iko anauliza: kama muzimu inapita mu ukuta, juu ya nini haianguke mu sakafu?"

Kweli, kwa nini usizame sakafuni pia? Swali lilikuwa zuri kuliko filamu. Ningesema sijui, lakini wapi, mbele ya mkwe? Nikajibu kwamba mzimu wenyewe umeeleza kwa Kifaransa: viatu vyake ndivyo vinavyoushikilia. Watu wakaridhika, nami nikashusha pumzi.

Haukupita muda, mzimu ukaketi kwenye ngazi, ukavua viatu, ukapanda juu kwa kunyata.

Mama mdogo akainuka tena. "Yaya anasema viatu imeshatoka. Anauliza, itaanguka saa ngapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, hata padri aliyeendesha mashine. Nilitafsiri sehemu iliyobaki huku macho yangu yako dirishani, nikijua harusi imeota mbawa.

Alhamisi mama mdogo alinijia nyumbani na furushi la samaki.

"Yaya anasema binti utamupata," aliniambia. "Anasema uongo yako haimalize hata nusu saa, basi mutoto yake hatateseka nayo."

Nilifurahi hadi nikasahau kumpa kiti.

Tumezeeka pamoja sasa. Na mpaka leo, nikichelewa kurudi na kuanza kueleza nilikokuwa, mke wangu hutazama kwanza viatu vyangu.