Turbo Mbili kwenye Barabara ya Kilwa

Mume wangu alileta gari lile nyumbani katika majuma yaleyale ambayo vita vilikuwa vinaukaribia mji niliozaliwa, kule Kivu ya Kaskazini. Mimi nilikuwa nashinda na simu sikioni nikimtafuta mama yangu. Yeye alikuwa anashinda ameinamia boneti.

Alikuwa wakala wa forodha Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila siku aliona magari yakivuka mpaka kutoka kusini, na mwisho moja likamteka. Ilikuwa jeep ndogo ya petroli, nyeusi, viti vya ngozi, imetumika lakini inang'aa. Wazee wake walikuja Lubumbashi kutoka Kasai zamani, na kwao mtoto alifundishwa kusoma kitu mpaka ukurasa wa mwisho. Basi alisoma kitabu cha gari lile namna watu wengine wanavyosoma Biblia, kisha akanisomea mimi mezani, ugali ukipoa.

"Mama, sikia. Iko na silinda sita, litre tatu. Kila upande iko na turbo yake, moja ya kushoto, moja ya kuume. Turbo moja kubwa inachelewa kuamuka. Hizi mbili za kidogo zinaamuka mbio. Ukikanyaga tu, nguvu yote iko pale."

"Vizuri," nikasema.

"Kutoka zero mpaka mia, sekunde tano hazitimii."

"Mia hiyo utaikimbilia wapi, Papa? Kutoka hapa mpaka Kamalondo unahesabu mashimo."

Alifungua ukurasa mwingine.

Kamalondo ndiko nilikokuwa na depo yangu ya maharagwe, na wakati huo ilikuwa karibu tupu, kwa sababu malori ya Kivu hayakuja tena. Wafanyabiashara wenzangu wa kwetu tulikuwa tunakaa kwenye milango ya depo tukiulizana habari za ndugu zetu. Nikirudi jioni, namkuta mume wangu ameweka simu kwenye spika anazungumza na mtu wa Zambia juu ya mafuta ya moteri.

Maana gari lile lilikuwa na masharti mengi kuliko mgonjwa wa sukari. Halikutaka mafuta ya moteri ya kawaida, lilitaka yale mepesi ya bei kali, na lilitaka yabadilishwe mapema kuliko kitabu chenyewe kinavyosema, kwa sababu ya vumbi letu. Halikutaka petroli hafifu. Na tukifika mahali, hatukuruhusiwa kuteremka. Alinieleza kwamba turbo zinazunguka katika joto kali mno, na yanayozipoza ni mafuta ya moteri. Ukizima ghafla, mafuta yanabaki yamesimama kwenye vipaipu vyembamba, yanaungua, yanageuka masizi, na siku moja kipaipu kinaziba na turbo inakufa kwa kiu. Kwa hiyo tulikuwa tunafika kanisani, watu wanatuangalia, na sisi tumekaa ndani ya gari, moteri inanguruma, tukisubiri turbo zipoe. Ibada imeanza, kwaya inaimba, mimi nimeshika mkoba wangu magotini.

Kisha petroli ikaadimika mjini. Vituo vilifunga kamba mlangoni, na watu wakaanza kununua kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, kando ya barabara, petroli ambayo hakuna aliyejua imechanganywa na nini. Gari likaanza kugonga ndani, sauti kama ya mawe kwenye sufuria. Taa ya njano ikawaka. Mume wangu akasema kompyuta inailinda moteri. Nikamwuliza nani anatulinda sisi.

Mama alipatikana siku ambayo nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Mchungaji mmoja alinipigia simu kutoka Kilwa, si ile ya pwani ya bahari, hii yetu ya kaskazini ya Lubumbashi. Mama alikuwa ametoka mjini kwetu kwa miguu, akapanda lori, akapanda boti kwenye ziwa Tanganyika, akapanda malori mengine mpaka Pweto, kisha Kilwa, na sasa alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la mchungaji huyo, miguu imevimba, hawezi tena kuendelea. Alikuwa peke yake. Alipotezana na ndugu yangu wa kiume kwenye msongamano wa watu, na hakujua ndugu huyo alielekea upande gani.

Nilimwambia mume wangu kwamba nitatafuta nafasi kwenye lori. Alikataa.

"Mama mukwe yangu hawezi kurudia mu lori," alisema. "Tutaenda na jeep."

"Jeep yako imewaka taa."

"Taa inawaka juu ya petroli mubaya. Nimepata petroli muzuri. Moteri yenyewe haina na shida."

Nilimtazama. Kwao mkwe ni mtu wa heshima kubwa sana, hata sahani moja mtu hali naye, na niliona kwamba jambo lile limemshika kwelikweli. Nikaenda kufunga chakula cha njiani. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alikuwa na nia njema.

Tulitoka asubuhi. Mpaka Kasomeno gari lilikwenda vizuri, tena vizuri sana, na alikuwa ananitupia jicho kila tulipopanda mlima. Nilijifanya naangalia msitu. Mbele ya Kasomeno barabara ikawa mifereji ya mvua, ikawa inabidi kukanyaga, kuachia, kukanyaga tena. Taa ya njano, iliyokuwa imezimika kwa petroli nzuri, ikawaka tena, halafu nyingine nyekundu, na nguvu ikaisha kana kwamba mtu ametuvuta kwa nyuma.

"Imefunga turbo," alisema. "Njo vile inajilinda. Sasa iko moteri ya kawaida tu."

"Basi twende kama watu wa kawaida."

Tulikwenda polepole, waendesha baiskeli wenye magunia ya makaa wakitupita. Kisha moshi wa buluu ukaanza kutoka nyuma, kidogo, halafu mwingi. Alisimama. Alizima moteri bila kusubiri ipoe, na hapo nikajua mambo yameharibika.

Alilala chini ya gari kwa suruali yake safi. Alipotoka alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi. Turbo ya kushoto ilikuwa imekufa, alisema. Kipaipu chake kilikuwa kimeziba, na sasa ilikuwa inamwaga mafuta ya moteri ndani ya bomba la moshi. Tukiwasha tena, tutaua na silinda zote.

"Tutafute mtu atuvute," nikasema.

"Haivutwi."

"Namna gani haivutwi?"

"Magurudumu yote manne yanatumika kila saa. Ukiivuta chini, boite ya vitesse, ile ya magia, inaharibika. Lazima kuibeba."

Nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa na mama mgonjwa mbele yangu, depo tupu nyuma yangu, ndugu nisiyejua kama yu hai, na gari la nguvu za farasi mia tatu na zaidi ambalo halikuweza kwenda wala kuvutwa. Sikulia. Nilifungua chupa ya maji nikanywa yote bila kumpa.

Lori la wachuuzi wa samaki lilipita likirudi Kilwa na makreti matupu. Nilipanda. Yeye alibaki na gari. Nilipogeuka nilimwona anapangusa dashibodi kwa kitambaa.

Mama nilimkuta amekaa kwenye mkeka ukutani mwa ukumbi, kilemba chake kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri mgeni. Alikuwa amekonda. Alinishika uso kwa mikono miwili akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, "Bwana yako iko wapi?"

"Amebaki njiani, mama. Gari limekufa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi tuende tumukamate, turudi naye. Usiache muntu mu njia. Mimi nimeacha wangu mu njia."

Mchungaji alitutafutia lori lililokuwa limeleta saruji na lilikuwa linarudi Lubumbashi tupu. Dereva, mtu mzima wa maneno machache, alisikiliza hadithi ya gari lisilovutwa, akakubali. Kesho yake asubuhi tukamkuta mume wangu palepale, amelala kwenye kiti cha mbele, midomo imekauka. Alipomwona mama, alitoka, akasimama mbali kidogo, akainamisha kichwa kama inavyopasa.

"Mama, munisamehe. Nilikuwa nakuya kuwakamata."

"Nimeona," mama akasema. "Gari iko mweusi muzuri."

Dereva alirudisha lori kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa udongo uliokuwa na kimo cha sakafu ya lori. Watu wa kijiji cha jirani walikuja, tukasukuma, mume wangu kwenye usukani akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyafuata, na jeep ikapanda juu ya lori. Wakaifunga kwa kamba.

Kabini ya lori ilikuwa na nafasi moja tu. Nikamwambia mama apande. Aliangalia ngazi ya chuma aliyopandishwa kwa shida kule Kilwa, akaangalia miguu yake, kisha akaangalia juu, kwenye jeep.

"Kile kiti kinalala?" akauliza.

Mume wangu alijibu haraka mno. "Kinalala, mama. Kwa umeme. Batri iko muzima."

Tukamwingiza kutoka kwenye ukingo ule wa udongo, bila ngazi. Ndivyo mama yangu alivyoingia Lubumbashi, ndani ya gari bovu juu ya lori, kwenye kiti cha ngozi, vioo vimefungwa vumbi lisiingie. Mimi nilikaa naye, kwenye kiti cha nyuma. Mume wangu alikaa kwenye kabini na dereva, kwa sababu ya heshima. Mama alilala kabla hatujafika Kasomeno, mdomo wazi, na hakushtuka hata kwenye mashimo makubwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia mume wangu. Nilimtazama mama akilala, nikayahifadhi.

Niliyasema baadaye, usiogope. Niliyasema turbo ilipoagizwa kusini, ikakaa mpakani mpaka tukaisahau, na ilipofika ikawa ya upande wa kuume. Niliyasema fundi wa Kamalondo alipopendekeza kuziba turbo moja na kutembea na nyingine, na mume wangu akakaa siku nzima akifikiria kama inawezekana.

Mwishowe aliiuza jeep kwa kijana mfanyabiashara wa madini. Nilikuwa barazani na mama tukichambua mboga, tukasikia alivyomweleza kila kitu bila kuficha, kipaipu, masizi, petroli, kusubiri ipoe. Kijana alikuwa anazunguka gari.

"Turbo ni mbili kweli?" akauliza.

"Mbili, lakini sikia kwanza."

Kijana alikuwa ameshafungua mlango na kukaa.

Mama aliacha kuchambua mboga. Alikuwa anasubiri simu ya ndugu yangu, kama kila siku, na siku hiyo pia haikulia. Akamtazama mume wangu aliyekuwa bado anaeleza kwenye dirisha la gari, akaniambia kwa sauti ya chini nimpelekee maji ya kunywa, ameongea sana.