Macho ya Mnazi

Jana Jumapili, saa kumi na nusu alasiri, nilimuuliza Nyanya swali lililonikaa kooni tangu asubuhi: "Nyanya, mnazi una macho kweli?"

Tulikuwa barazani kwake hapa Mjambere, akichambua mchicha. Akacheka. "Ukifua nazi utayaona, matatu. Nani kakuambia?"

"Dada Kadzo. Stima zikipotea, ndani mabati yanachoma, basi humlaza Baraka mkekani chini ya mnazi wa uani. Anasema mnazi una macho, haumwangushii mtu nazi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilinyamaza." Dada ana maneno, mimi sina. Niliziangalia tu zile nazi kavu juu ya kichwa cha mtoto wake.

Nyanya akaweka sufuria chini. Nimeyaandika nilivyoyasikia:

"Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja, nikiwa msichana kama wewe. Babu yangu alikuwa mgema. Minazi yake yote aliijua kwa tabia. Huu mchoyo, ule una majivuno, yule pale mjane mkarimu, tembo lake halikauki. Kabla ya kukwea hugonga shina, husema, 'Bibi wee, nakuja, jisitiri!' Tulicheka mpaka machozi. Nami nikampenda yule mjane. Nikatandika mkeka chini yake, nikalala. Mjane mkarimu atanidhuru vipi?

"Kushtuka, nimeshikwa mkono naburutwa juani. Babu! Sijawahi kumwona vile. Nikamwambia, 'Babu, si mnazi huu una macho? Si wewe unauamkia?' Akasema, 'Nauamkia kwa sababu unanilisha, na kule juu mtu peke yake hutaka wa kuongea naye. Lakini umewahi kuniona nimelala chini yake? Ukiupa mti macho, upe na usingizi. Na hayo yako ulipewa ya nini?'

"Wala hakuna nazi iliyoanguka siku ile, mwanangu. Nilinuna hadi jioni, nikaona mzee kanionea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zilichelewa kuota."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo tusivipe vitu utu?"

"Vipe! Jiko langu likinuna mimi nalibembeleza. Hata Mungu twamwomba atushike mkono, atutazame. Tungezungumza naye vipi vingine? Lakini kazi yako usimtwike asiye na mabega. Mlinzi wa mtoto ni mtu. Na wewe mwanangu, wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa nazi mimi siutaki. Kesho mwambie dadako mwenyewe. Ukishindwa, nakuja na bakora, niwachape wote wawili."

Akaniwekea mkono kichwani, unanukia mchicha. "Mungu akupe jicho la kuona, na akulegeze ulimi. Haya, nenda."

Leo asubuhi, kabla sijavaa viatu vya shule, Dada alishamlaza Baraka palepale, yeye anafua. Nikamwendea.

"Dada, hapo usimlaze."

"Alaa! Bubu kapata mdomo! Nimekwambia mnazi una macho."

"Una macho, ndiyo. Lakini na wenyewe husinzia."

Akafungua kinywa anijibu, kisha akatazama juu. Alitazama sana. Mimi nikaushika mkeka, Baraka akiwa juu yake, nikauvuta polepole hadi kivuli cha ukuta, halafu nikachelewa shule kwa kwenda kumwita mkwezi aziangue zile nazi.