Wimbo wa Shangazi Zena

Juzi hapa Kibaha mjukuu wangu alifungulia kwenye simu wimbo wa filamu moja ya Kihindi ya zamani, nikamwomba auzime. "Kwani huupendi, bibi?" Naupenda mno.

Nilikuwa mtoto, kwetu Vihingo. Shangazi Zena alikuwa amefiwa na mumewe, anakaa eda chumbani kwenye harufu ya ubani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Alasiri moja nilimkuta amejitanda shuka nyeupe, anauimba wimbo ule taratibu, kwa Kihindi asichokijua. Akili yangu ya kitoto iliniambia kuwa mtu haimbi ila ana furaha. Nikakimbilia uani, wanawake walikokuwa wakimenya mihogo, nikatangaza, "Shangazi amepoa! Anaimba!"

Visu vilisimama. Bibi yangu, mama yake Zena, aliinuka akaenda mlangoni kwake. "Zena! Arobaini ya mumeo haijafika, wewe unaimba nyimbo za sinema? Huna hata haya?" Wenzake uani wakaguna.

Nilipoingia kuchukua bakuli, Shangazi alinishika shavu kwa mkono wenye joto la uji. "Marehemu ndiye aliyenipeleka mjini kuitazama sinema hiyo, mwanangu. Akawa ananiimbia tukipalilia."

Hayo ndiyo niliyopaswa kuyakimbiza uani. Nilimwogopa bibi, nikaosha bakuli kimya.

Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sikumsikia akiimba tena, hata siku ya harusi yangu.